Mshika Viatu Naye Analipa

Dirisha la tiketi lilikuwa na bei ya mkubwa, bei ya mtoto, bei ya wageni kutoka nje ya nchi na bei ya vikundi vya shule. Bei ya mtu anayeingia ili akae chini ya mwarobaini akiwa amepakata viatu vya wenzake haikuwepo. Nilimwuliza binti wa dirishani. Akaniangalia kwa upole wa kazini, akasema, "Baba, wewe ni mkubwa." Nikamweleza kwamba ukubwa wangu naujua, ila sitapanda kitu. Presha yangu haitaki, na hata ingetaka, mimi mwenyewe sitaki. "Ukiingia ni kiingilio, baba. Kupanda ni hiari yako." Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna, mke wangu akanivuta shati, nikafungwa mkononi utepe wa karatasi wa rangi ya machungwa unaoniruhusu kupanda kila mashine iliyomo humo mpaka jua lizame. Nimeshanunua vitu vingi nisivyovihitaji maishani. Hiki ndicho cha kwanza nilichofungwa nacho nisiweze kukiweka chini.

Jina la bustani yenyewe silitaji, wala upande wa mji, maana watoto wameshatangaza kwamba Idd ijayo tunarudi na yule mlinzi wa getini ni mtu wa kukumbuka sura. Itoshe kusema iko nje kidogo ya Dar es Salaam. Ina gurudumu, ina jahazi la kubembea, ina vigari vya kugongana, ina bwawa lenye mabomba ya kutelezea, na ina spika zinazopiga singeli tangu asubuhi kana kwamba kuna mtu amezikosea. Si kubwa ya kumtoa mtu Mwanza kwa ndege, na si ndogo ya kuimaliza kwa miguu bila kiu.

Zamani Idd ilijiendesha yenyewe. Mtoto alivalishwa nguo mpya, akapita kwa mashangazi na wajomba kuwapa mkono, akakusanya sarafu zake, akaenda Mnazi Mmoja kununua puto, jioni akarudishwa amelala begani kwa mtu na puto limeshapasuka. Mzazi hakutoka barazani. Halafu likaja disko toto, na tangu msiba wa Tabora wa mwaka 2008, watoto walipokufa kwa kubanana ukumbini siku ya Idd, polisi wamekuwa wakilipiga marufuku sikukuu zikikaribia, na wanafanya vizuri. Zikabaki bustani za michezo. Nazo zinajua kwamba ndizo zilizobaki.

Basi tukajipakia. Mke wangu, watoto watatu, shemeji yangu mdogo aliyemaliza chuo na anasubiri ajira huku akitumia bando langu, na mama mkwe, aliyevuka kutoka Unguja kuja kula Idd kwetu. Mama mkwe alisema yeye atakaa tu. Nilifurahi kupata mwenzangu.

Getini tulikutana na meza ya ukaguzi. Mlinzi alifungua kapu, akafunua hotipoti, harufu ya pilau ikampanda usoni, nikaona jinsi alivyomeza mate kabla hajasema.

"Mzee, hii haiingii."

"Ni pilau tu, mwanangu. La Idd."

"Pilau ndiyo yenyewe. Chakula kipo ndani."

"Ndani kinauzwa."

"Ndiyo, kipo."

Mtu mwenye rungu akishafika hapo, mjadala umefungwa. Tulirudi kwenye maegesho, tukafungua buti, tukala pilau saa nne asubuhi tumesimama. Hatukuwa peke yetu. Kila gari lilikuwa limefunguliwa nyuma, vitambaa vimetandikwa, akina mama wanapakua, na maegesho yote yananuka hiliki na mdalasini. Jirani wa kushoto alikuwa ameishiwa kachumbari, sisi tulikuwa nayo ya kumwaga; jirani wa kulia alituletea kuku. Watoto waliokuwa hawajuani walikimbizana kati ya magari. Watu walicheka, walipeana mkono, waliulizana ukoo. Hakuna aliyelipa kiingilio kwa hayo. Kama ningekuwa na kura, tungebaki palepale mpaka magharibi.

Mama mkwe ndiye pekee aliyeingia na chakula. Chini ya buibui alikuwa na kopo zima la visheti. Mlinzi alimwambia, "Shikamoo, bibi," akajibiwa, "Marahaba, baba, Mungu akuweke," na kopo likapita likigonga-gonga kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa nyuma niliisikia.

Ndani, kazi yangu ilianza kabla sijaketi. Kila mashine ina bango linalosema vitu vinavyoweza kudondoka viachwe chini, na katika familia yangu chini maana yake ni mimi. Vilikuja viatu kwanza. Halafu simu, miwani ya jua, saa, pete, heleni, waleti, mikoba, mitandio. Shemeji alivua wigi kabla ya kwenda kwenye mabomba ya maji, akalikunja akaniwekea mapajani akasema, "Shem, hili usilikalie." Upepo wa bahari ulipolipuliza, mtoto mmoja aliyekuwa akipita na ndimu yake ya pilipili alipiga kelele akidhani nimepakata paka.

Chini ya mwarobaini ule tulikuwa kundi. Baba wa makamo mwenye jezi ya Simba, jozi za viatu zimepangwa mwilini mwake mpaka shingoni kwa kamba. Babu aliyelala amekumbatia begi la mgongoni lenye picha ya katuni. Mama mmoja mzoefu, aliyekuja na kistuli chake cha plastiki, kanga ya kujifunika jua na karanga za kutosha. Huyo alitutazama sisi wengine jinsi fundi anavyomtazama mwanagenzi. Wote tulikuwa na utepe wa machungwa mkononi. Kila utepe ulikuwa mkavu. Baba wa Simba alisema ameukokotoa: kwa hela ile angeweza kupanda kila mashine mara mbili, na hadi muda ule alikuwa amepanda hasira tu.

Nikiwa na muda na bando, nikataka kumjua aliyeanzisha dhuluma hii. Ukiangalia vizuri utamkuta Chicago mwaka 1893, kwenye maonyesho ya dunia, ambako injinia George Washington Gale Ferris alisimamisha gurudumu la kwanza la aina yake. Lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi, vyumba 36, kila chumba watu 60, maana yake watu 2,160 angani kwa mpigo, idadi ya kijiji kizima na mwenyekiti wake. Mizunguko miwili ilikuwa senti 50. Na kiingilio cha maonyesho yenyewe kilikuwa senti 50 vilevile. Yaani mtu alilipa kuingia, halafu akalipa tena sawasawa na alichoingilia. Lakini mshika viatu wa Chicago, tumtendee haki, alilipa mara moja tu, akasimama chini, akashika kofia za wenzake. Bwana Ferris mwenyewe hakufaidi. Alilalamika kwamba wenye maonyesho wamemdhulumu faida, akaingia kwenye kesi, akafa mwaka 1896 akiwa na miaka 37. Nilimpenda kidogo niliposikia hivyo. Mtu anayekufa anadai ni mtu wa kwetu.

Disneyland ya California ilipofunguliwa mwaka 1955 nayo ilikwenda na utaratibu huohuo: mkubwa dola moja kuingia, michezo unailipia mmoja mmoja. Waliokaa kwenye benchi walikaa kwa dola moja yao. Walioharibu mambo ni hawa wa bei moja kwa kila kitu. Bustani ya Six Flags Over Texas ilifungua milango mwaka 1961 kwa tiketi moja inayobeba michezo yote, na mwaka 1982 Disneyland nayo ikatupilia mbali vijitabu vyake vya tiketi. Watu wakashangilia kwamba sasa foleni ni moja. Hakuna aliyemwuliza mshika viatu. Tangu hapo mimi nanunua gurudumu, jahazi, vigari na mabomba yote, kisha nayaangalia.

Mwenye ujasiri kuliko wote, hata hivyo, alikuwa George Tilyou wa Coney Island, New York. Bustani yake ya Steeplechase iliungua mwaka 1907. Mtu mwingine angekaa chini alie. Yeye alibandika tangazo: kuingia kuangalia majivu ni senti 10. Nilimsomea baba wa Simba. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Huyo angefaa kuwa mwenyekiti wa klabu."

Kushika simu za watu kuna elimu yake. Ya shemeji iliita mfululizo, na kila mara kioo kiliandika Fundi Cherehani. Sikujua kwamba kuna fundi anayefuatilia nguo kiasi hicho, tena siku ya Idd, tena akituma na mioyo miwili myekundu. Sikupokea. Nikaigeuza kifudifudi na kumwombea binti wa watu mshono wenye heri.

Kisha nikawapoteza. Watu wangu wote walikuwa wamemezwa na umati, na kitinda mimba, nilijua, alikuwa bado anabishana na kipimo. Pale kwenye vigari kuna ubao wenye mchoro wa chekibobu aliyenyoosha mkono kwenye sentimita 120, na anayepita chini ya mkono huo hapandi. Wangu alipungua kwa unene wa kidole. Alijaribu kwa kofia, akavuliwa kofia. Alijaribu kwa visigino, akabonyezwa mabega. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa akimweleza kijana wa zamu kwamba nyumbani ana urefu zaidi. Kwa hiyo nikampigia mama yake. Mkoba mapajani kwangu ukatetemeka. Nikaitoa simu yake ili niikate, na hapo ndipo nikajua mke wangu wa miaka yote hii amenihifadhi kwa jina gani. Kioo kiliandika: Mzee wa Hamna.

Mama mzoefu wa kistuli alichungulia, akasoma, akanipa karanga.

Mama mkwe, kumbuka, alisema atakaa tu. Alikaa vizuri, visheti vikazunguka kundi zima, babu akaamka kwa ajili hiyo. Lakini macho yake hayakutoka kwenye jahazi. Chombo chenyewe ni cha bati, kimepakwa rangi ya mbao, kina kichwa cha joka mbele na bendera ya fuvu nyuma. Watu hukaa wakitazamana, kikasukumwa huku na huku mpaka upande mmoja unawaona wa upande wa pili wako juu ya vichwa vyao. Watu walishuka wakishikana. Kijana mmoja aliyepanda kwa mbwembwe alishuka akaenda moja kwa moja kwenye pipa.

"Watapika kwa hiki?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, mama. Si kitu cha mtu mzima."

"Mie nimevuka Nungwi kwa jahazi, usiku, upepo wa kusi, na nina mimba ya huyu mkeo."

Sikuwa na la kujibu. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni juu ya buibui, akavua makubadhi akanipa. Akavua miwani akanipa. Yule kijana wa mashine akapaza sauti kwenye kipaza chake, "Chochote kinachoweza kudondoka, acha chini!" Mama mkwe akafikiri kidogo. Akageuka upande, akaweka leso mdomoni, na aliporudi aliniwekea leso hiyo kiganjani, imefungwa fundo. Ilikuwa na uzito wake.

Ndugu msomaji mwenye mkwe, wewe unanielewa. Mimi mbele ya mama huyu sijawahi kula nikiwa nimekunja mguu. Nikitaka kukohoa hutoka nje. Na sasa nimesimama chini ya mwarobaini, singeli inapigwa, mkononi nina meno yake.

Nikayaweka mfuko wa shati, upande wa moyo, nikafunga kifungo. Baba wa Simba akauliza ni nini. Nikamwambia ni amana.

Alipanda, akachagua kiti cha mwisho kabisa nyuma, kule ambako vijana huogopa. Na jahazi lilipofika kileleni, umeme ukakatika.

Singeli ilikufa katikati ya neno, na kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia bahari. Vigari vya kugongana viliganda vyote kwa pamoja, maana vinanyonya umeme kwenye wavu wa darini kwa ule mlingoti wa nyuma, na wavu ukishakosa umeme gari lako ni kiti tu. Watoto walibaki wamekaa mle wakizungusha usukani na kuiga ngurumo kwa midomo. Kitinda mimba alitumia giza la utawala kuingia na kukalia kigari kimoja, akawa dereva halali wa gari lisilokwenda. Gurudumu lilisimama, na kwenye kibanda cha juu kabisa walikuwepo mke wangu na shemeji.

Jahazi peke yake halikujali. Lile husukumwa na tairi lililo chini ya mkuku wake, na likishapata mwendo halimwombi mtu ruhusa. Liliendelea kubembea lenyewe, taratibu, kila safari chini kidogo kuliko iliyopita, hakuna muziki, hakuna mtu wa kulisimamisha, na mama mkwe yuko nyuma kabisa ameshika chuma kwa mkono mmoja kama nahodha anayejua anakoelekea. Abiria wengine walikuwa wakisoma dua. Nadhani wale ndio waliopata thamani kamili ya hela yao siku ile.

Kule juu mke wangu alikuwa akipiga kelele. Simu yake ilikuwa kwangu, kwa hiyo bustani nzima ilisikia.

"Baba watoto! Mwambie awashe jenereta!"

"Ameenda kutafuta dizeli!"

"Mwambie aharakishe! Na simu yangu usiishike-shike!"

Watu wote wa chini walinigeukia. Shemeji naye akachungulia kutoka kule juu, nywele zimesukwa mabutu, akauliza kwa unyonge kama kuna mtu aliyempigia. Nikamjibu kwa sauti ya kufika mawinguni kwamba fundi anamtafuta, nguo iko tayari. Dada yake akamgeukia. Nilichokiona kikiendelea ndani ya kibanda kile hakikuhitaji sauti, na jenereta lilichukua muda wake.

Jahazi liliposimama, mama mkwe alishuka kwa miguu yake, akatembea bila kuyumba mpaka mbele yangu akasema kitu. Sikukielewa. Akakirudia kwa nguvu zaidi. Nikafungua kifungo cha mfuko, nikampa amana yake kwa mikono miwili huku nikitazama mwarobaini. Akageuka, akarudi akiwa na meno yake.

"Nasema, limekwisha upesi. Nataka tena."

Akapanda tena umeme uliporudi. Meno nikapewa tena. Kazi, nayo, huzoeleka.

Ni wakati wa kwenda kunawa ndipo nilipoona ukuta wa nyuma ya vyoo. Kulikuwa na makabati ya chuma, mapya, yenye kufuli na namba, na bango: HIFADHI MALI ZAKO. KABATI DOGO SH. 3,000 KWA SAA. KABATI KUBWA SH. 5,000 KWA SAA. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Bei yangu ilikuwepo siku zote! Ilikuwa imebandikwa nyuma ya choo. Kabati linakaa kivulini, halichunguliwi simu, halitishiwi na wigi, haliambiwi lisikalie kitu, na linalipwa. Mimi nafanya kazi yake, kwa uangalifu zaidi yake, na ndimi ninayelipa. Nilirudi nikawaeleza wenzangu. Babu alisema tugome. Mama wa kistuli alituuliza tukigoma viatu atashika nani, tukakosa jibu, tukaendelea na karanga.

Jioni, kwenye foleni ya kurudi mjini, niliwasilisha hesabu. Nilianza na makabati madogo kwa saa, nikaja viatu, simu, wigi na ajali yake na yule mtoto, nikaacha meno mwisho na nikayataja kwa heshima kama "vitu nyeti". Nikajumlisha kwa sauti. Watoto wakubwa walicheka. Shemeji hakucheka, alikuwa kwenye simu akinong'ona na fundi. Nikamwuliza mke wangu atalipa lini.

"Hamna," akasema, bila hata kugeuka.

Kiti cha nyuma nikasikia mtu anafungua fundo. Mama mkwe alikuwa ameshika pindo la kanga yake, akalilegeza kwa meno yaleyale niliyoyatunza siku nzima, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akanipitishia begani.

"Haya, mwanangu. Skukuu yako."

Mke wangu akasema nisipokee, ni aibu, mtu mzima kupewa mkono wa Idd na mkwewe. Nilipokea. Nikaikunjua kwenye taa nyekundu: ilikuwa elfu mbili. Kitinda mimba akachungulia katikati ya viti, akaiona, akaanza kulia kwa kwikwi, maana yeye asubuhi alipewa elfu moja.